Siku Tatu za Kungoja Friji

Katika miaka kumi na mitano niliyomjua Gordon Ouma, fundi wa friji, nimemwona bila koti mara moja tu. Kisumu hii, jamani, jua la Februari linalainisha lami barabarani, na yeye yuko kwenye karakana yake nyuma ya soko, koti la kahawia limefungwa vifungo vyote, jasho linamtiririka mpaka kwenye miwani. Nikimtania, "Gordon, wewe ndiye unayehitaji kuingizwa kwenye friji," ananijibu, "Nimezoea, Sista." Basi, yameisha. Ni mtu wa maneno machache, na hata hayo machache lazima uyavute.

Mimi ni Gakenia. Nilikuwa nesi, nimestaafu mwaka huu wa tisini na tisa. Baba yangu alikuja hapa kutoka Murang'a kuuza viazi, nikazaliwa hapa hapa, na Dholuo ninaijua kiasi cha kugombana sokoni na kushinda. Nilidhani nawajua watu wa ziwa. Nilidhani hivyo kwa muda mrefu sana.

Gordon alijifunzia kazi kwenye kiwanda cha barafu, akafungua karakana mwaka wa themanini na nne. Wateja wake walikuwa wenye bucha, wenye baa, na wake za wachungaji. Hakuwa fundi wa kuvamia friji na bisibisi. Alikuwa anakaa kwenye kibao, anainamisha sikio, halafu anapeleka mkono nyuma ya friji, kwenye ile nondo nyeusi yenye joto ambayo mafundi huiita mgongo, na anauacha mkono pale dakika nzima. Wenye haraka walikuwa wanamwona mvivu. Siku moja aliniletea friji ya kliniki yetu ikiwa imepona, na sijui alikuwa amekula nini, maana alinieleza kitu bila kuulizwa.

"Watu wanasema friji inaleta baridi," alisema. "Hakuna kitu kinaleta baridi, Sista. Friji inachukua joto lililo ndani, inalitoa, inaenda kulimwaga nje. Ikikataa kugandisha, usiulize baridi imeenda wapi. Uliza joto linamwagwa wapi."

Mkewe, Awuor, alikuwa anafanya kazi ya usafi kwenye kliniki yetu, kwa hiyo mambo ya nyumbani kwao niliyajua. Mama yake Awuor, Adero, aliuza samaki pale ufuoni Dunga, mahali mashua zinapotua. Sasa, heshima ya Gordon kwa mama mkwe wake ilikuwa ya kupita kiasi hata kwa watu wa hapa. Akimwona Adero anakuja barabarani, anaingia kwenye nyasi, anasimama kando macho chini, na kutoka pale wanasalimiana: habari za nyumbani, habari za watoto, habari za ng'ombe, kila mmoja anaitazama ardhi yake. Adero akija kumtembelea binti yake, Gordon anaenda kulala karakana. Kula mbele yake, hapana. Kumkalia karibu, hapana. Na mwili wake mkwe, huo hauonwi kabisa; hata kukunja mikono ya shati mbele ya mama mkwe, Gordon aliona ni utovu wa adabu. Nilikuwa nacheka sana. Awuor alikuwa ananiambia, "Cheka tu, Sista. Mama yangu anampenda kuliko wanawe wa kuzaa."

Haya yote niliyajua. Ndiyo maana bado najikasirikia.

Kliniki yetu ya kanisa ilikuwa na mashua ya tanga. Mzungu mmoja aliyekuwa anarudi kwao alituachia. Ilikuwa nyeupe, na injini yake ilikuwa ndogo, ya kutokea ufuoni tu; safari yenyewe ni tanga na upepo. Ndani, chini ya benchi, kulikuwa na kijisanduku cha friji kinachofunguliwa kwa juu, kinachoendeshwa na betri. Hiyo friji ndiyo iliyotufanya tuitake mashua. Tulikuwa tunapakia chanjo, tunazunguka visiwani siku nane, na chanjo zinabaki baridi mpaka kisiwa cha mwisho.

Mwezi wa sita mwaka wa tisini na moja mbao za chini zilianza kuvuja, tukaipandisha mashua Dunga kwa mzee Joram. Joram alitengeneza mashua za wavuvi tangu ujana wake, na alijulikana kwa rangi. Mashua ya Joram unaitambua kutoka mbali: nyekundu, manjano, bluu, mistari imenyooka. Alituzibia mbao, akaipaka yetu nyekundu chini, tukairudisha majini inang'aa. Mwezi wa nane tukataka kusafiri, na friji haikugandisha.

Ilikuwa Jumanne. Alasiri ile boti ya samaki ilileta barua kutoka kisiwa cha Rakombe. Hiyo boti ilikuwa na injini kubwa; ilitoka Dunga kila jioni kwenda kubeba mbuta, inafika Rakombe alfajiri. Barua iliandikwa na mwalimu wa shule. Surua imeingia, watoto kumi na mmoja wamelala, wengine wanaanza homa, tafadhali njooni haraka. Adero naye alikuwa amepata habari kwa boti ile ile, kwa sababu mwanawe mkubwa alikuwa anaishi Rakombe na bintiye wa miaka minne, Anyango. Alikuja kliniki mbio, leso imemdondoka kichwani.

"Sista, mnaenda lini?"

"Kesho," nikamwambia.

Chanjo zilikuwa kwenye friji kubwa mjini, zinatungoja. Vibebeo vya barafu vya kliniki vilikuwa vimepelekwa Katito kwenye kampeni nyingine, na havingerudi kabla ya wiki kuisha. Barafu ya wazi ya boti ya samaki hairuhusiwi kubebea chanjo, kwa hiyo ilikuwa friji ya mashua au hakuna kitu. Nikafungua kile kijisanduku na kuangalia kipimajoto: digrii kumi na tisa. Chanjo inataka chini ya nane. Nikamtuma Awuor amwite mumewe.

Jumatano asubuhi Gordon akaja na koti lake. Mashua ilikuwa imefungwa kwenye gati ya mbao, na mimi nilikuwa nimeshapakia vitu vyangu vyote: sindano, pamba, mizani ya kupimia watoto, kopo la vidonge vya macho. Nilikaa juu ya benchi la upande wa pili nikamwangalia. Alisikiliza. Kompresa ilikuwa inanguruma vizuri, bila kupumzika. Halafu akaanza kupapasa nyuma ya kijisanduku, na nikaona uso wake unabadilika.

"Sista, hii friji haina mgongo."

"Mgongo gani?"

"Ile nondo ya kutolea joto. Friji zote zinakuwa nayo. Hii iko wapi?"

Akafuata mabomba mawili ya shaba yaliyotoka kwenye kompresa. Yalipita chini ya sakafu. Akang'oa ubao, akawasha tochi, akalala kifudifudi na koti lake, na mwisho akakuta mabomba yametoboa tumbo la mashua na kuishia nje. Alipoinuka alikuwa anatabasamu, kitu nilichokiona mara chache sana.

"Yawa! Joto linamwagwa ziwani! Mgongo wake uko chini ya maji."

Hapo alikuwa ameshapata, unaona. Saa tatu asubuhi, siku ya kwanza. Alichokuwa anahitaji ni kuingia majini, apeleke mkono chini ya mashua, auache pale dakika moja kama alivyozoea. Maji yangemfika shingoni, si kitu cha kuogopwa. Akasimama ukingoni. Akatazama maji, yaliyokuwa ya kijani na mazito, huoni hata unyayo wako. Halafu akatazama ufuo. Wanawake wa samaki walikuwa wamekaa pale pale, hatua ishirini hazifiki, mabeseni mbele yao. Wa kwanza kwenye safu alikuwa Adero.

Gordon akakohoa. "Nahodha aingie anisaidie kuangalia."

Nahodha wetu, Ogola, alikuwa mtu wa Port Victoria, ana mwezi mmoja tu nasi. Akacheka. "Mimi naendesha juu ya maji, bwana, siingii ndani." Akamwita mvuvi aliyekuwa anatengeneza wavu. Mvuvi akavua shati, akapiga mbizi, akatoka anatema maji.

"Kuna bamba la chuma. Ukubwa wa sinia. Liko imara, halijapasuka mahali. Tena limepakwa rangi safi."

Migongo yote ya friji ambayo Gordon aliwahi kushika ilikuwa imepakwa rangi nyeusi tangu kiwandani. Kusikia rangi hakukumshtua. Akaitikia kwa kichwa. Lakini nilimsikia anajisemea, "Mkono wa mwenzako haukuambii kitu," na akatazama tena ufuoni, akarudi ndani.

Siku ile yote alifanya kila kitu ambacho si hicho. Alipima gesi kwa geji. Alipaka povu la sabuni kwenye kila kiungo cha bomba, akangoja aone kama kuna mahali panatoa mapovu. Hapakuwepo. Saa kumi na mbili jioni Adero na wenzake walipoanza kujitwika mabeseni kwenda nyumbani, Gordon akatoka tena kusimama ukingoni. Ogola akamwambia, "Fundi, saa hizi viboko wanaingia. Ukitaka kukatwa vipande viwili, karibu." Kweli, kulikuwa na pua mbili zinapuliza pale karibu na mafunjo. Gordon akafunga sanduku lake la vifaa.

Alhamisi akaja kabla jua halijachomoza. Mimi nilimkuta pale nilipofika saa moja, amekaa kwenye gati, anatazama miguu yake. Mashua za wavuvi hutua alfajiri, na wanawake huzitangulia. Adero alikuwa ameshakaa.

Akaanza upya. Akabadilisha mpira wa kifuniko, akasema pengine baridi inavuja. Akaruka thamostati, akaunganisha waya moja kwa moja. Akabeba betri mgongoni hadi mjini kuichaji, akairudisha saa nane. Kipimajoto: kumi na nane. Kompresa ilikuwa imepata moto, nikaigusa nikarudisha mkono haraka. Nilikasirika, sitaficha. Nina mdomo, na watu wa Dunga wote waliusikia.

"Gordon, hii ni kazi au ni mchezo? Kuna watoto wanaungua na homa kule! Wewe unabadilisha mpira, kesho utabadilisha nini, jina lako?"

"Joto halitoki, Sista," akasema polepole.

"Si ulisema mgongo uko majini? Ingia ukaangalie!"

Akatazama ufuo. Mimi nikatazama pale alipotazama, nikaona wanawake wa samaki, nikaona Adero anamkwangua ngege magamba, na sikuona kitu. Watu wanasema nina macho makali.

"Kesho," akasema.

"Kesho ya nini?"

Akaiinamia tena kompresa. Nikarudi kukaa kwenye benchi langu, nikashika tama, nikaitazama boti ya samaki inapakia barafu tayari kwenda Rakombe. Nahodha wake akanipungia mkono. Sikumjibu, nilikuwa na hasira.

Ijumaa nilifika nikiwa nimeamua kumfukuza nitafute fundi mwingine, hata wa Maseno. Nikamkuta amesimama mwisho wa gati. Alikuwa ameweka mkono kwenye koti lake. Akafungua kifungo cha juu. Akafungua cha pili. Kule ufuoni Adero akainua uso, labda alikuwa anamtafuta mteja tu, na Gordon akavifunga vyote viwili haraka haraka.

Hapo ndipo nilipoelewa. Nikakaa kwenye mbao.

"Gordon. Ni mama yake Awuor?"

Akatikisa kichwa kukubali, macho chini, utadhani anasimama mbele yake tayari.

"Siku tatu! Kwa nini hukusema? Tungeisogeza mashua mbele mita mia mbili tu, nyuma ya mafunjo! Ogola angefanya hivyo kwa nusu saa!"

"Ningesemaje, Sista? Niseme siwezi kuvua nguo mbele ya mama mkwe? Hayo yanasemwa kwa mwanamke? Kwa bosi wa mke wangu?"

"Ungeingia na nguo."

"Nguo ikilowa inaficha nini?" Akashika kola ya koti. "Nilidhani nitaitengeneza kwa juu. Nilidhani kila siku kwamba ni leo."

Sikumngoja Ogola aanze kukunjua tanga. Niliteremka gatini nikaenda moja kwa moja kwa Adero. Alikuwa mama wa miaka hamsini na kitu, mrefu, mwenye mikono mikubwa. Macho yake yalikuwa mekundu. Tangu Jumanne hakuwa amepata habari nyingine ya mjukuu wake. Nikamwambia kwa Dholuo, bila kupamba: mkwe wako anataka kuingia majini na hawezi, kwa sababu upo.

Aliweka kisu chini. Hakushangaa, hilo nililiona hata wakati ule. Akafuta mikono, akafunga leso kiunoni, akawageukia wenzake. "Inukeni. Twende nyuma ya nyumba ya mizani."

"Na samaki? Mashua ndiyo kwanza zinatua!" mmoja akalalamika.

"Nimesema inukeni, nyote. Huyo ni mume wa binti yangu, na nyinyi ni mama zake kama mimi."

Wakainuka, wanawake kumi na saba, wakajitwika walichoweza, wakaacha mengine kwenye jua kwa nzi. Adero akawa wa mwisho, akapita bila kugeuza kichwa, akapotea nyuma ya ukuta wa mabati. Ufuo ukawa mtupu.

Gordon akavua koti. Akalikunja vizuri, akalilaza kwenye mbao, akaweka miwani juu yake. Kumbe alikuwa mwembamba hivyo. Nikageuka nami, nikatazama mjini. Nikasikia maji yakipokea mtu, halafu kichwa kikitoka.

"Lami!" Alikuwa anapiga kelele, Gordon! "Sista, ni lami! Nipe kisu!"

Mzee Joram alikuwa amekuta lile bamba wakati anatengeneza mbao. Baadaye tulimwuliza. Alisema, "Niliona chuma kitupu cha kukaa ndani ya maji, nikakihurumia. Kitaliwa na kutu." Akakipaka lami nene, ile wanayozibia mashua, halafu juu yake rangi nyekundu mara mbili, kwa uangalifu wake wote. Ikawa joto la friji linafika pale linakuta blanketi. Ungemlaumu mzee kwa lipi? Alitutendea wema.

Gordon alipiga mbizi mara kumi na nne. Kila akitoka, mikono yake imejaa magamba meusi. Alipomaliza akajipangusa na koti lake, akalivaa likiwa limelowa, akaja akapeleka mkono kwenye bomba. Nusu saa. Akauchukua mkono wangu bila kuomba ruhusa, akauweka pale. Lilikuwa linaanza kupoa. Jioni kipimajoto kilisoma kumi na moja. Jumamosi asubuhi kilisoma nne, tukapakia chanjo, tukatweka tanga. Adero alikuwa pale pale kwenye beseni lake. Gordon alikuwa kando kwenye nyasi, macho chini. Walisalimiana: habari za asubuhi, habari za nyumbani.

Upepo ulikuwa mzuri, tulifika Rakombe Jumatatu. Tulichanja watoto mia mbili na kumi na nne. Waliokuwa wameshaugua tuliwapa dawa tulizokuwa nazo. Watoto wawili walikuwa wameshazikwa kabla hata ya barua kuandikwa. Wengine karibu wote walipona, na hatukupata mgonjwa mpya baada ya wiki mbili. Ripoti yangu ilisema zoezi lilifanikiwa, na ni kweli.

Anyango alikuwa amelala kwenye mkeka, vipele vimeanza kukauka. Homa ilikuwa imeshuka. Mama yake alifurahi, alisema mtoto amekula uji. "Ila macho, Sista. Tangu juzi hataki mwanga." Nikamfungua kope. Kioo cha jicho la kulia kilikuwa kimekuwa cheupe kama maziwa yaliyoganda, na cha kushoto kilikuwa kinafuata. Nikampa kidonge cha macho, nikarudia kesho yake. Kilikuwa kimechelewa. Tulipoondoka alikuwa haoni mkono wangu nikiupunga mbele ya uso wake, na alikuwa ananiuliza kwa nini kumekuwa na giza mchana.

Kisumu, Gordon alikuwa ananingoja gatini. Awuor alikuwa ameshampa habari, zilifika kwa boti ya samaki kabla yetu. Alingoja mpaka watu wote washuke.

"Siku zangu tatu, Sista. Ningeingia ile Jumatano, angekuwa anaona?"

Nilikuwa nimechoka, nimechomwa na jua. "Usijilaumu, Gordon. Ni mapenzi ya Mungu."

Yeye si mjinga. Alijua nesi akianza kumtaja Mungu ni kwamba amekosa jibu. Akasema asante, akaenda zake.

Mwezi wa kumi yeye na Awuor walikwenda Rakombe wakamwomba mtoto, wakapewa. Wamemlea kama wa kwao. Gordon alimtafutia shule ya watoto wasioona, na muhula ukianza alimsindikiza mwenyewe, na ukiisha akamfuata. Siku za likizo Anyango hushinda karakana, anapeleka mkono nyuma ya friji, anamwambia baba yake ipi inatoa joto na ipi inajidanganya. Haikosi. Gordon akimsikiliza anafuta miwani, na koti ni lile lile, lina madoa ya lami kwenye mkono mpaka leo. Mashua tuliiuza mwaka wa tisini na sita, magugumaji yalipoziba ufuo wote. Gordon alifunga safari akamweleza mnunuzi kwamba lile bamba lisipakwe kitu, halafu akampeleka chini ya mashua alishike kwa mkono.

Mwaka jana Anyango alipata zawadi shuleni ya kusoma kwa vidole, wakafanya chai kidogo nyumbani. Adero alikuja, sasa ni mzee, anatembea na fimbo. Alikaa nje upande wa jikoni, mkwe wake yuko sebuleni, ukuta uko katikati, kila mmoja anasikia sauti ya mwingine. Nilikwenda kukaa naye. Anyango alikuwa anatusomea kitu, vidole vinakimbia kwenye karatasi.

"Nilijua," Adero akasema ghafla.

"Ulijua nini, Mama?"

"Ile Jumatano. Nilimwona amesimama pale, ananitazama halafu anatazama maji. Nilijua anataka niondoke. Nilikaa siku tatu nikijua." Alikuwa anaongea polepole. "Lakini ningeinuka vipi? Kuinuka ni kusema, nimekuona unataka kuvua nguo. Mama mkwe anasemaje hivyo? Nikangoja asogeze mashua. Yeye akangoja niende nyumbani. Tuliheshimiana, Sista, mpaka mtoto akapofuka."

Nilimshika mkono. Nilimwambia asilie. Nilimwambia yale ya Mungu tena.

Sikumwambia lile lingine, na Gordon pia sijamwambia, na Awuor niliyefanya naye kazi miaka yote hiyo sijamwambia. Kidonge cha macho, mtoto wa surua akikipata mapema, mara nyingi macho yake yanapona. Hata nesi wa mwaka wa kwanza anajua. Na kidonge kile hakihitaji baridi. Hukaa kwenye kopo, kwenye joto, miezi. Kopo letu lilikuwa chini ya benchi lile nililokalia siku tatu nikimfokea fundi, na kila jioni, Jumatano, Alhamisi, Ijumaa, boti ya samaki iliondoka pale mbele yangu kwenda Rakombe, na nahodha wake alinipungia mkono.